Nywele na Kucha za Dotse wa Keta

Dotse Kpodo alipopigwa na kiharusi, Kiingereza kilimtoka chote kwa mara moja, kama maji ya ndoo iliyopasuka kitako. Alichobakiwa nacho ni Kiewe, lugha ya kwao, pwani ya mashariki ya Ghana, na katika fleti yao ya ghorofa ya tatu huko Kilburn, London, hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua. Mkewe, Adelina, alikuwa Mgoa wa Unguja. Tangu ujana wao walizungumza Kiingereza wao kwa wao. Binti yao wa pekee, Dzifa, mama alimsemesha Kiswahili naye akajibu kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo nyumba ilivyokwenda miaka yote. Sasa mwenye nyumba alikuwa amelala katika kitanda cha hospitali kilichowekwa sebuleni, karibu na dirisha, akisema maneno ambayo hakuna wa kuyapokea.

Neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa "fua gbona." Alilisema asubuhi akiamka na jioni jua likianza kuzama nyuma ya majengo. Alilisema huku ameshika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mmoja mzima, macho yamemtoka.

Adelina alilisikia neno la kwanza akadhani amelielewa. Fua. Kwani miaka yote hii mume wake si alimsikia akisema "nafua, subiri," "leo siku ya kufua"? Huenda katika vurugu la kichwa chake neno moja la Kiswahili limeponyoka likaja juu. Basi akatandua shuka, akafua. Dotse akalia tena, "Fua gbona!" Akatoa foronya na mapazia, akafua. Alishakuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti yameanza kumsaliti, na wiki nzima mashine ya kufulia haikunyamaza.

Jirani yake wa chini, Bhanu, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Chake Chake, alipanda ngazi akipumua kwa shida.

"Shoga, mnafua nini humu? Ukuta wangu unatetemeka tangu Jumatatu."

"Mume wangu ndiye anayetaka."

"Nguo za watu wawili?"

"Shuka ni hili hili, Bhanu. Nalitoa, nalitandika, ananambia fua, nalitoa tena. Mie nimechoka. Leo asubuhi nimelia chooni ili asinione."

Bhanu alimtazama mgonjwa, akatazama kamba iliyojaa nguo mbichi juu ya beseni la kuogea. "Ana dada huko kwao, si ndiyo? Mpigie umwulize. Usikae kubahatisha maneno ya mtu."

Adelina akaona haya kwamba hakuliwaza hilo mwenyewe. Alimpigia simu wifi yake Abla, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi Keta, ambaye waliwahi kuonana mara moja tu na kusalimiana kila Krismasi. Akaisogeza simu mdomoni mwa Dotse. Dotse akasikia sauti ya dada yake, akaanza kusema mbio mbio, machozi yakimtiririka hadi masikioni.

"Wifi," Abla akasema mwishowe, kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, "ndugu yangu hazungumzii nguo. Anasema bahari inakuja."

Adelina alikaa juu ya rundo la mashuka yaliyokuwa bado na maji. Hakucheka wala hakulia. "Nimjibu nini?" akauliza.

"Mwambie mele afi sia. Maana yake, niko hapa."

Alilirudia mpaka ulimi ukazoea. Tangu siku ile Dotse akianza habari ya bahari, mkewe alikuwa akimshika mkono na kumwambia mele afi sia, naye akatulia. Kila alipopata nafasi alimpigia Abla na kumwomba neno jingine: maji ni tsi, njoo ni va, asante ni akpe. Ndivyo Adelina alivyoanza kujifunza lugha ya mume wake, uzeeni, kando ya kitanda, wakati mwenyewe hawezi tena kumsahihisha.

Walikutana wote wawili vijana. Adelina alizaliwa Vuga, mjini Unguja, baba yake fundi cherehani aliyeshona suti za makarani wa serikali na sare za wapiga tarumbeta. Mapinduzi ya Januari sitini na nne yalimkuta binti wa miaka kumi na minane. Nyumba yao haikuguswa na mtu. Lakini wateja wa baba walikuwa wamekufa, wamekimbia au wamefungwa, na wakubwa wapya hawakuvaa suti. Mzee alikaa dukani miezi kadhaa akinyoosha kipande kile kile cha kitambaa kwa pasi, halafu akaifunga cherehani kwa gunia, familia ikavuka kwenda Mombasa. Huko moyo wake ukasimama. Adelina, mama na kaka walikuja Hayes, magharibi ya London, kaka akapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na Adelina akaingia mafunzo ya uuguzi.

Dotse alikuwa gadi kwenye treni za chini ya ardhi. Alikuja kusomea upimaji wa ardhi, masomo yakamshinda kwa baridi na njaa, akaishia kufungua na kufunga milango ya treni. Walizungumza mara ya kwanza ukumbini mwa kanisa huko Kilburn, baada ya misa, katikati ya Wairishi wanaokunywa chai. Alimwuliza kwao ni wapi, naye akasema Zanzibar.

"Ni kisiwa?"

"Ni kisiwa."

"Basi unajua kukaa na maji pande zote," Dotse akasema, akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Akamwaga sukari mezani, akaichora kwa kidole. Hapa bahari kuu, akasema, yenye mawimbi makubwa yasiyo na mwamba wa kuyazuia. Hapa nyuma wangwa, ziwa la maji ya chumvi, pana hadi ng'ambo huioni vizuri. Katikati, ukanda wa mchanga, mwembamba kama mshipi. Juu ya mshipi huo ndipo mji wa Keta, na soko, na kanisa, na ngome ya mawe waliyoijenga Wadenmark, ambamo watu walifungwa wakingoja kusafirishwa ng'ambo kuuzwa.

"Na mnakula nini juu ya mchanga?" Adelina akauliza.

Dotse akacheka. Alimweleza habari za vitunguu vidogo vyekundu vinavyopandwa Anloga, mji jirani, vitalu vidogo kama mikeka, kila kimoja kikinyweshwa kwa mkono kutoka kisima kifupi. Wakati wa kiangazi wangwa hukauka pembeni, maji yakaacha chumvi nyeupe, na wanawake huikwangua na kuijaza vikapuni. Kuna dagaa wanaoitwa wanafunzi wa Keta, kwa sababu hawaendi mmoja mmoja. Adelina alicheka naye, na Wairishi wakageuka kuwatazama.

Mama yake Adelina hakutaka kusikia habari ya ndoa. "Angekuwa wa Unguja," alisema, "ningemgombeza kwa lugha anayoijua. Huyu nitamgombeza kwa nini?" Hakuja harusini. Alikuja Dzifa alipozaliwa, akambeba mjukuu, akamtazama mkwe wake akisonga akple jikoni, unga wa mahindi na wa muhogo pamoja, na mchuzi wa bamia pembeni. Mama akaonja kwa ncha ya kidole. "Kumbe ni ugali," akasema, akavuta kiti. Tangu hapo hapakuwa na ugomvi tena, ingawa hapakuwa na maneno mengi pia.

Dzifa, jina ambalo kwa Kiewe ni mtu ambaye moyo wake umetulia, alilazwa utoto wake wote kwa hadithi moja ya baba yake. Zamani watu wa baba yake waliishi mbali na bahari, mahali paitwapo Notsie, ndani ya mji uliozungushiwa ukuta mnene wa udongo. Mfalme wao, Agokoli, aligeuka katili. Aliwataka wasokote kamba kwa udongo, na wakanyage matope yaliyofichwa miiba. Wakashauriana. Wanawake wakaambiwa kila waoshapo vyombo na kuogesha watoto wamwage maji yale mahali pamoja ukutani. Wakamwaga na kumwaga mpaka ukuta ukalainika. Siku ya kuondoka ngoma zikapigwa ili mfalme adhani watu wanacheza, ukuta ukatobolewa, watu wakatoka wakirudi kinyumenyume, ili nyayo zao zionekane kama za watu wanaoingia. Mpaka leo kila Novemba huko Anloga wanasherehekea kutoka kule, na kabla ya sherehe jamii hupatanishwa na vijiji hufagiwa.

"Wanawake ndio waliobomoa," Adelina alikuwa akisema kila mara kutoka jikoni. "Usisahau kumwambia hilo."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena."

Kwao Dotse walikwenda mara moja, Dzifa alipokuwa anakaribia kuanza shule. Dotse alikuwa ameota safari hiyo tangu aje Uingereza. Walipofika Keta, bahari ilikuwa imeshachukua mitaa mizima. Si kwa dhoruba moja, bali kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mchanga ukiliwa kutoka chini hadi nyumba ikapiga magoti. Sehemu ya ngome ya Wadenmark ilikuwa imeangukia majini. Nyumba ya baba yake Dotse ilikuwa imebaki ngazi tatu za saruji zisizoelekea popote.

Dotse alivua viatu, akakunja suruali, akaingia baharini hadi kiunoni. Mawimbi yakawa yanampiga kifuani naye anaelekeza kidole: "Hapa palikuwa chumba cha mama. Hapa jiko. Kule, lile povu unaliona? Pale ndipo makaburi. Babu yupo pale, na bibi, na pacha walionitangulia." Jina Dotse hupewa mtoto wa kiume anayezaliwa nyuma ya mapacha, na mapacha wale walikufa wachanga. Abla, dada yake, alisimama ufukweni amembeba Dzifa, akamwita atoke, atoke jamani. Adelina hakumwita. Alikuwa akifikiria mlango wa Vuga ambao sasa kitasa chake kilikuwa mikononi mwa watu asiowajua, akaona angalau mume wake ana haki ya kulowana.

Usiku ule Dotse alimwambia, "Mie nikifa unizike Kilburn. Nyumbani nitazikwa wapi, tumboni mwa papa?" Halikuwa jambo la mzaha. Hawakurudi tena, na miaka mingi baadaye, serikali ilipojenga ukuta wa mawe kuzuia bahari na kumwaga mchanga hadi ardhi mpya ikatokea, Dotse alitazama picha alizotumiwa na Abla, akasema, "Wamechelewa," akazima televisheni ingawa haikuhusika.

Alilala katika kitanda kile cha sebuleni karibu miaka sita. Mtu aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna ile hahitaji kuelezwa. Kumgeuza ubavu ili ngozi isichanike. Kumlisha uji kwa kijiko huku ukingoja ameze. Adelina aliwauguza wageni kazi yake yote, akastaafu, akaanza upya kwa mume wake bila wa kumpokea zamu. Msaidizi aliyetumwa na manispaa alikuja asubuhi, akaondoka hata kabla maji hayajachemka. Dzifa alikuja Jumapili kutoka Hayes, ambako alisimamia watu wa ghala karibu na uwanja wa ndege, naye alikuwa amechoka vilevile. Wakati mwingine mama na mwana walisinzia pande mbili za kitanda, na mgonjwa peke yake ndiye aliyekuwa macho.

Kila Jumapili ya pili Adelina alimnyoa kichwa na ndevu na kumkata kucha. Kazi hiyo hakumwachia msaidizi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na ukucha mnene, uliopinda, tangu ulipobanwa na mlango wa treni zamani, na ulihitaji kulowekwa kwanza. Dotse alimpa mkono mwenyewe, kama mtoto. Ikimalizika, alisema akpe.

Alikufa mwisho wa Februari, mchana, Adelina akiwa ameingia jikoni kuzima jiko. Alirudi akamkuta ametulia. Alikaa naye kitambo kabla ya kumpigia mtu yeyote, na jambo la kwanza alilolihisi, kabla ya huzuni, ni miguu yake kuwa mizito sana, kana kwamba imeambiwa sasa inaruhusiwa kuchoka.

Abla alifika London siku chache kabla ya mazishi. Alikuwa mzee wa kimo kifupi, mwembamba, amevaa koti la kuazima juu ya nguo nyeusi, na goti lake moja halikukunjika vizuri. Alipanda ngazi za fleti akipumzika kila kituo. Alimkumbatia Adelina, akalia kwa sauti kama inavyopasa, halafu akajifuta, akaketi, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akasema alichokijia.

"Wifi, ukoo umekaa. Wanajua Dotse alisema azikwe huku. Hatutagombania mwili. Lakini nywele zake na kucha zake zirudi nyumbani. Tutaziweka katika jeneza dogo, tutamlilia, tutamzika na wenzake."

Dzifa aliyekuwa akimimina chai aliweka birika chini. Alisema kwa Kiingereza kwamba baba yake hatakatwa vipande.

"Hatumkati," Abla akajibu kwa upole. "Tunamchukua. Mtu akifia ugenini na hakuna kilichorudi, anabaki amesimama njiani. Haingii wala hatoki. Wewe ni mtoto wake, utakubali asimame?"

Dzifa akasema baba alikuwa Mkatoliki, alikuwa na misa yake na kaburi lake, na kwamba mambo mengine ni ya zamani. Akasema pia, sauti ikipanda, kwamba miaka sita hapakuja mtu kutoka Keta kumgeuza ubavu, sasa wamekuja kudai kucha.

Abla aliinamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Hatukuja."

Adelina alikuwa amekaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na kitanda kitupu. Wote wawili wakamgeukia, kila mmoja akitaka aungwe mkono. Aliwatazama, akatamani kulala.

"Mimi nimechoka," akasema kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kiingereza ili Abla asikie. "Sina nguvu ya kugombana na aliye hai wala na aliyekufa. Dzifa, wifi yangu huyu alinifundisha maneno. Nisingekuwa na yeye ningelimfulia baba yako mashuka mpaka ningekufa mimi kwanza. Alitusaidia kwa alichokuwa nacho. Sasa anaomba kitu. Nitampa."

"Mama—"

"Nitampa, mwanangu. Ila hakuna atakayemkata isipokuwa mimi."

Abla alifikiri. Kwa desturi, alisema, kazi hiyo ni ya mtu wa ukoo, aliyepewa ruhusa na wazee. Akaitazama mikono ya Adelina iliyovimba viungo. "Nitawaambia wazee," akasema, "kwamba aliyemkata ni mtu wa ukoo."

Siku iliyofuata asubuhi walikwenda wote watatu kwa waandalizi wa mazishi. Kijana wa pale aliyevaa tai nyeusi alisikiliza ombi, hakuonyesha kushangaa, akawaletea viti na kuwaachia chumba. Dotse alikuwa amevishwa suti ya kahawia aliyoivaa siku ya kustaafu. Dzifa alibaki karibu na mlango, mgongo ukutani.

Abla alichovya vidole katika bilauri ya maji, akadondosha matone sakafuni, akaanza kumsemesha ndugu yake kwa Kiewe, polepole, kama mtu anayemweleza msafiri ratiba. Adelina alishika neno hapa na pale: nyumbani, mama, njoo. Alimwelewa kuliko alivyotarajia.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa mkasi na kikata kucha kile kile. Alitandaza kitambaa cheupe kifuani mwa Dotse. Alikata nywele kidogo utosini na kidogo kisogoni, mvi laini zilizokuwa zimeota tangu alipomnyoa mara ya mwisho. Mikono ya mumewe ilikuwa baridi na mizito, haikusaidia kama zamani, ikabidi ainue kidole kimoja kimoja. Kidole kwa kidole, alikata bila haraka. Alipofika kwenye gumba la kulia chuma kiliteleza, kikagoma.

"Huu unataka maji ya moto," akasema, akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu siku ile ya Februari. Alilia amesimama, ameshika gumba la mume wake, na hakuweza kuendelea.

Dzifa aliondoka mlangoni. Alimwomba yule kijana maji ya moto, akaletewa katika bakuli. Akavua koti, akachovya taulo ndogo, akauzungushia ukucha wa baba yake, akaushikilia hapo kwa mikono miwili muda mrefu, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipofariki. Ukucha ulipolainika, alimrudishia mama mkono ule, naye akaumaliza.

Walimzika Jumamosi, makaburini si mbali na nyumbani, mvua ya kawaida ikinyesha. Bhanu alipika biriani ya mboga na watu wa kanisa wakaleta mikate.

Abla hakuweza kusafiri peke yake kurudi. Goti lilikuwa limevimba na ule mzigo mdogo uliofungwa kwa kitambaa cheupe alitaka ushikwe mkononi, usiwekwe chini. Alimwomba Adelina aende naye. Adelina akakataa.

"Mie nilikwenda nikaona, wifi. Nikienda tena nitabaki njiani mie."

Hakuna aliyemwomba Dzifa. Alikuwa akipanga vyombo kabatini, mgongo kwao, akasema, kwa Kiingereza, kwamba ana likizo yake ambayo hakuichukua mwaka jana. Abla alishika ukingo wa meza akainuka, akaenda akamshika bega.

Walipoondoka, Adelina alilala. Alilala mchana na usiku, akaamka kula kile Bhanu alicholeta, akalala tena. Watu wa manispaa walikuja kukichukua kitanda cha hospitali. Aliwafungulia mlango akiwa na kanga mabegani, akawaacha wakifungue vipande, akarudi chumbani kabla hawajamaliza. Sebuleni palibaki alama nne za magurudumu zuliani.

Dzifa alipiga simu siku ya tatu. Alikuwa amesimama juu ya ukuta wa mawe, na upepo ulikuwa ukimkatiza maneno. Alisema kuna ardhi mpya nyuma ya ukuta, watu wamepewa viwanja, lakini makaburi sasa yako mbali zaidi, upande wa bara. Alisema jeneza lilikuwa dogo kama sanduku la viatu, na watu waliolisindikiza walijaza barabara. Wanawake walimkalisha mbele, wakamwambia alie, na yeye akaona aibu, hakuweza. Kisha mzee mmoja asiyemfahamu akamwita jina lake.

"Huku wanalitamka sawasawa, Mama," alisema. "Hakuna anayeniuliza linaandikwaje." Ndipo, alisema, akalia mpaka wakamshika.

Adelina alisikiliza amejilaza. Alitaka kumwuliza mengi, lakini alisema tu, "Kula. Usirudi umekonda."

Alirudi baada ya wiki mbili, amekolea jua, amechubuka kisigino, na katika sanduku ameleta chumvi ya wangwa, nyeusi nyeusi kwa mchanga, na kata ya uzi wa rangi aliyopewa na wafumaji. Jumapili alisonga akple yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza, ikawa na madonge. Walikula bila kulaumiana. Katikati ya chakula aliuliza jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba tangu Keta: yeye mama, siku yake ikifika, apelekwe wapi? Unguja? Goa kwa mababu?

"Goa sijapata kuikanyaga," Adelina akasema. "Na Unguja nani atanipokea? Waliokuwa wakinijua wako makaburini wenyewe, au wako hapa hapa London, Wembley."

"So where?"

"Pale pale kwa baba yako. Kaburi lina nafasi ya pili, nimeuliza. Mnilaze hapo. Mie nimechoka kuhama."

Dzifa alimega donge, akalitazama, akala. Alitaka kujua kama kuna desturi yoyote, kitu chochote ambacho mama angependa afanyiwe.

Adelina alifikiri kwa dhati. Alijaribu kukumbuka bibi yake alizikwa vipi, na ubani gani ulifukizwa, na nani aliimba, na kumbukumbu hazikuja, zilikuwa zimeachwa katika moja ya zile safari.

"Sijui," akasema. "Nitamwuliza Bhanu. Kuna wazee wa Kigoa bado wanakutana Wembley siku za Alhamisi. Huenda mmoja anakumbuka."

Alhamisi ile alivaa koti lake zuri. Bhanu alimkamata mkono kwenye ngazi, kila mmoja akimsaidia mwenzake kwa mguu ulio mzima, wakatoka hadi kituo cha basi. Basi la Wembley lilikuwa limechelewa. Wakakaa kwenye benchi wakalingoja.